Sura ya Nne: Mnyama Asiye na Figo

Matumbawe hayaishi kwenye maji baridi. Hayapo Ziwa Victoria, hayapo Ziwa Nyasa, hayapo mtoni wala kwenye bwawa la kufugia samaki. Aina zinazojenga miamba ni mamia kadhaa, na hakuna hata moja iliyowahi kuhamia bara. Mwanafunzi akiuliza, mwalimu anaweza kumjibu kwa neno moja na kuendelea na somo.

Naona haraka hiyo ni hasara. Wanyama wengi wa majini wana ndugu pande zote mbili. Kuna kaa wa pwani na kaa wa mito ya milimani, konokono wa baharini na konokono wa ziwani, sifongo za chumvi na sifongo zinazoota kwenye mawe ya mto. Hata konyeza, aliye ukoo mmoja na matumbawe, ana jamaa wanaoelea kwenye maziwa yetu, na habari zao tutazifikia. Matumbawe yamebaki baharini pamoja na kikundi kidogo cha wakaidi wenzake: pweza, ngisi, jongoo bahari, kiti cha pweza. Hakuna pweza wa maji baridi popote duniani. Ukijua kinachowazuia hawa, utajua pia kwa nini Mombasa ina bandari pale ilipo, na kwa nini Wazungu waliosoma sana waliwahi kuamini kwamba Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari kilichosahauliwa bara.

Tuanze jikoni. Anayetengeneza kachumbari huvinyunyizia vitunguu chumvi, na baada ya muda mfupi bakuli linakuwa na maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Yametoka ndani ya vitunguu, yakafuata chumvi iliyo nje. Maji hupenya ngozi nyembamba ya seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, na wanasayansi huita jambo hilo osmosisi. Kiumbe yeyote anayeishi majini anaishi na nguvu hiyo usiku na mchana, maisha yake yote.

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo, polipu, kila mmoja akiwa mfuko mlaini wenye mdomo mmoja na minyiri kuuzunguka, wameunganishwa kwa ngozi juu ya jiwe la chokaa wanalolijenga wenyewe. Mfuko huo hauna moyo, hauna mashavu ya kupumulia, na hauna figo. Umajimaji ulio ndani yake una nguvu sawa na maji ya bahari yaliyo nje, kwa hiyo hakuna upande unaovuta mwingine. Ni maisha rahisi sana. Polipu halazimiki kutumia nguvu yoyote kubwa kulinda maji ya mwili wake, kwa kuwa bahari inamfanyia kazi hiyo bure.

Urahisi huo ndio unaomponza. Mzungushie maji ya mvua, chumvi iliyo ndani yake itaanza kuyavuta yale ya nje. Seli zinavimba. Mwani mdogo sana unaoishi ndani ya ngozi yake, ule unaotumia jua kumtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake, unatolewa nje, na tumbawe linapauka vilevile linavyopauka bahari inapopata joto kupita kiasi. Hali ikiendelea, ngozi inachanika na kuchuruzika, na kinachobaki ni jiwe jeupe. Miamba mingi ya dunia imeota mahali penye gramu 32 hadi 42 za chumvi kwa kilo. Upande wa juu matumbawe ni wavumilivu kuliko wengi wanavyodhani: katika Ghuba, mbele ya Abu Dhabi na Dubai, yapo yanayoishi kwenye maji yanayozidi gramu 40, tena yenye joto la kiangazi ambalo lingeua mwamba wa Pemba. Upande wa chini hayana uvumilivu huo.

Mvua yenyewe ikinyesha juu ya bahari mara nyingi haidhuru, kwa sababu inachanganyika upesi na maji mengi. Hatari ni mvua kubwa inayokutana na bamvua, maji yamekupwa kabisa na vichwa vya matumbawe viko juani. Hatari kubwa zaidi ni mto. Mwanzoni mwa mwaka 1991, baada ya kimbunga kilichoitwa Joy, Mto Fitzroy wa Australia ulifurika na maji yake yakakaa siku nyingi kuzunguka visiwa vya Keppel. Matumbawe ya kina kifupi yalikufa kwa wingi. Yaliyokuwa chini zaidi yalisalimika, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi na hutandaa juu. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti waliweza kutangaza kwamba kuna mwamba, wenye sifongo nyingi kuliko matumbawe, kwenye sakafu ya bahari mbele ya mdomo wa Mto Amazon. Mto mkubwa kuliko yote duniani unapita juu ya paa, na chini bahari inaendelea na chumvi yake.

Samaki ameutatua mgogoro huu kwa viungo. Sato wa ziwani ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji anamoogelea, hivyo maji humwingia wakati wote kupitia mashavu. Yeye hanywi, hana sababu ya kunywa. Figo zake zinafanya kazi bila kupumzika kutoa mkojo mwingi usio na chumvi, na mashavu yake yananasa chembe chache za chumvi zilizomo ziwani. Changu wa baharini ana tatizo la kinyume. Damu yake ina chumvi chache kuliko bahari, maji yanamtoka, kwa hiyo anakunywa maji ya bahari mchana kutwa, anaisukuma chumvi nje kupitia mashavu, na anakojoa kidogo sana. Katikati ya bahari, changu ndiye anayekabiliwa na kiu.

Papa amechagua njia ya tatu. Anaweka urea ndani ya damu na nyama yake, ile takataka ambayo sisi tunaitoa kwa mkojo, hadi nguvu ya damu yake inalingana na ya bahari. Aliyewahi kununua papa mkavu sokoni Darajani au Mwembe Tayari anaujua ushahidi, kwa sababu papa akishakufa urea hiyo hugeuka amonia na harufu yake humpokea mteja kabla hajaona mzigo. Kuna papa mmoja mnene wa pwani za joto, yule ambaye wanasayansi humwita Carcharhinus leucas, anayeweza kupunguza urea hiyo na kupanda mto. Amevuliwa mbali ndani ya Zambezi, na huko Amerika Kusini amefika karibu na Iquitos, Peru, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka baharini.

Mkunga wa mito yetu anafanya safari ya upande wa pili. Anakulia Tana, Galana au Rufiji kwa miaka mingi, kisha anateremka baharini kuzaa, huko mashariki ya Madagaska kwa kadiri inavyoaminika, na watoto wake wanaletwa na mikondo hadi midomoni mwa mito. Mwatiko, ambaye siku hizi anafugwa kwenye mabwawa ya wangwani Kilifi, Kwale na Tanga, anastahimili maji ya mvua na maji yaliyokolea chumvi kuliko bahari. Na kule Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, yupo perege mdogo anayeishi kwenye chemchemi za magadi zenye joto la nyuzi 40 na maji yanayochoma ngozi. Samaki wa kawaida hutoa amonia kupitia mashavu, lakini magadi hayairuhusu itoke, kwa hiyo yeye huigeuza urea. Jambo hilo lilitangazwa na watafiti mwaka 1989, na mpaka leo huyo ndiye mfano unaotajwa kwanza mazungumzo yanapofika kwa samaki wanaoishi pasipostahili.

Polipu hana chochote kati ya hivi. Na kwa kuwa hawezi kuhama wala kujifunga, popote maji baridi yanapofika mara kwa mara, mwamba haujengeki. Matokeo yake unaweza kuyasoma kwenye ramani.

Pwani ya Kenya na Tanzania imefuatwa na mwamba wa matumbawe sehemu kubwa ya urefu wake, ukiwa umbali wa kutembea au wa kupiga kasia kutoka ufukweni. Mwamba huo una mapengo. Manahodha huyajua, kwa sababu hayo ndiyo milango ya kuingilia. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1842 kuhusu miamba ya matumbawe, alizungumzia milango ya namna hiyo inayoelekeana na mabonde ya mito, na alilihesabu tope kuwa mshitakiwa pamoja na maji baridi. Alikuwa na haki. Mto haumwagi maji matupu. Unakuja na udongo unaolifunika jua na kuzika polipu, na siku hizi unakuja na mbolea inayootesha magugu ya baharini juu yake. Kuwatenganisha washitakiwa hawa ni kazi ya maabara. Baharini wanakuja pamoja.

Bandari ya Kilindini, Mombasa, ina historia ndefu zaidi ya hapo. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, barafu nyingi ikiwa imejifunga kwenye nchi za baridi, bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa takriban mita 120. Mito ya pwani ilichimba mabonde kwenye mwamba uliokauka, ikakata njia hadi kwenye ufuko wa zamani. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikaingia mabondeni, na hori za Mombasa, Mtwapa na Kilifi zikapatikana. Matumbawe yalianza kujenga upya kandokando, lakini mbele ya njia hizo hayakuziba. Meli ya makontena inayoingia Mombasa inapita juu ya bonde la mto uliozama.

Kaskazini ya Malindi hali ni wazi zaidi. Hapo unamwagika Mto Sabaki, maji mekundu yanayoonekana hata kutoka kwenye ndege, na ukienda mbele hadi Ghuba ya Ungwana unakuta mdomo wa Tana. Katika ghuba hiyo yote matumbawe ni haba, na badala yake pana sakafu ya tope na kambamiti, ndiyo maana meli za kuvua kwa nyavu za kukokota zilivutwa huko. Kusini kidogo tu ya Sabaki kuna matumbawe ya Malindi, yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1968 pamoja na yale ya Watamu. Yanaishi karibu na hatari kwa msaada wa upepo. Masika ndiyo hujaza Sabaki kuliko wakati wote, lakini kusi likianza kuvuma mkondo huyasukuma maji hayo kaskazini, mbali na hifadhi. Maji ya vuli ndiyo yanayoyafikia matumbawe, kwa kuwa kaskazi huyarudisha kusini hadi ndani ya ghuba ya Malindi. Kama majira ya pepo yangekuwa kinyume, sidhani kama kungekuwa na hifadhi ya kutangaza.

Sasa tupande bara, kwa sababu huko ndiko swali la maji baridi na chumvi lilikowahi kuzua ubishi wa kweli.

Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, na Speke aliokota magamba ya konokono kando ya Ziwa Tanganyika. Yalipofika London na kuandikwa kitaalamu na Samuel Woodward mwaka uliofuata, wataalamu walishangaa. Konokono wa maji baridi kwa kawaida wana magamba membamba, ya rangi ya udongo, yasiyo na urembo. Haya yalikuwa mazito, yenye miiba na mistari, na mtu asiyeambiwa yalikotoka angeapa yameokotwa ufukoni. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona kitu kigeni zaidi kikielea ziwani: konyeza. Sio mmoja. Miaka kumi baadaye akapewa jina la Limnocnida tanganyicae, na hapo swali likawa haliepukiki. Konyeza anafanya nini kilomita zaidi ya 1,000 kutoka pwani?

Mwingereza John Moore alikwenda mara mbili kutafuta jibu, kwanza mwaka 1895 na tena mwaka 1899, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima kuhusu kile alichokiita fumbo la Tanganyika. Hoja yake ilikuwa nzuri kuisikia. Alidai kwamba zamani za Jurasiki bahari iliwahi kufika katikati ya Afrika, ikajiondoa, na kuacha dimbwi ambalo polepole lilipoteza chumvi yake. Konyeza na konokono wenye miiba wa ziwa hilo ni wakimbizi waliobaki. Aliyalinganisha magamba ya Ujiji na magamba yaliyogeuka mawe Ulaya, akayaona yanafanana.

Huwa navutiwa na Moore kuliko waliomkosoa. Aliuliza swali sahihi na alikwenda mwenyewe kutafuta. Lakini alimwamini mno mnyama kwa sura yake. Msafara mwingine wa mwaka 1904 na 1905, chini ya William Cunnington, ulikusanya viumbe kwa mpangilio zaidi, na nadharia ikaanza kubomoka. Konyeza yuleyule, au jamaa yake wa karibu, alipatikana Ziwa Victoria na kwenye mito ya Afrika Magharibi, mahali ambapo hakuna anayedai bahari ya kale. Leo tunajua kwamba Ziwa Victoria lilikauka kabisa kiasi cha miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, kwa hiyo konyeza wake hawezi kuwa mabaki ya chochote. Ziwa Tanganyika lenyewe, kwa kina chake cha mita 1,470, lina umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Jurasiki ilikwisha miaka milioni 145 iliyopita.

Magamba mazito nayo yalipata maelezo, ingawa ilichukua miongo mingi. Maji ya Tanganyika yana madini ya chokaa ya kutosha kujengea, na ziwani humo kuna kaa wenye makucha makubwa wanaovunja konokono. Kaa alipozidi nguvu, konokono mwenye gamba jembamba aliliwa na mwenye gamba nene akazaa. Baharini vita hivyo vinapiganwa kila mahali, ndiyo maana magamba ya huko yanafanana na haya. Undugu haukuhusika. Kiumbe aliyeikaribia hoja ya Moore ni dagaa wa ziwa hilo: ukoo wake ni wa baharini kweli, lakini uchunguzi wa jeni unaonyesha jamaa zake wa karibu wako kwenye mito ya Afrika Magharibi na Kati. Mababu zake waliingia kupitia mtoni, kabla ziwa halijakuwapo.

Moore angeweza kuuliza swali moja zaidi. Kama Tanganyika ilikuwa bahari, matumbawe yake yako wapi? Hakuna tumbawe hai humo, na hakuna mwamba wa kale wa matumbawe uliowahi kupatikana kwenye kingo zake.

Kwa nini konyeza alivuka na tumbawe likashindwa? Sehemu ya jibu unaipata kwa mnyama mdogo anayeitwa haidra, wa ukoo huohuo, anayeishi kwenye vidimbwi akiwa na urefu wa milimita chache. Yeye pia hana figo. Seli zake hukusanya maji yanayoingia na kuyasukuma kwenye tumbo, na tumbo likijaa huyatema kwa mdomo. Kazi hiyo haina mwisho na inagharimu, lakini haidra ni mmoja, ni mwepesi, hana jiwe la kujenga wala mwani wenye masharti magumu ya mwanga. Tumbawe lingelazimika kutema maji kwa maelfu ya midomo huku likijenga nyumba ya chokaa kwenye maji ambayo mara nyingi hayana chokaa ya kutosha.

Tumbawe likifa, uhusiano wake na maji baridi hubadilika. Mwamba ulio chini ya Mombasa, na sehemu kubwa ya mawe yaliyo chini ya Unguja, ni matumbawe ya kale. Ule wa Mombasa ulijengwa kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Jiwe hilo limejaa matundu. Mvua inazama ndani yake, inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, na kwa sababu ni nyepesi inaelea juu yake humo humo ndani ya jiwe. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Visima vya miji ya Waswahili vilichota humo kwa karne nyingi, na chemchemi za Bububu ambazo Sultan Barghash alizivutia mabomba hadi mjini Unguja ni za mfumo huohuo. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichoharibika hivyo hakiponi upesi.

Mpaka huu kati ya baridi na chumvi unasogea sana kwenye delta ya Rufiji. Pana msitu mkubwa wa mikoko, zaidi ya hekta 50,000. Kambamiti huzaliana baharini, watoto wao huingia kwenye vijito vya mikoko ambako chumvi ni hafifu na samaki wakubwa ni wachache, kisha hutoka wakikua. Mashariki, ng'ambo ya mlango wa bahari, ni Mafia na hifadhi yake ya bahari ya mwaka 1995. Matumbawe mazuri ya Mafia yako zaidi upande wa Ghuba ya Chole na bahari kuu. Upande unaotazama delta unapokea tope. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia vijito vya kaskazini, huko mpunga ukastawi mahali palipokuwa na mikoko, na kusini chumvi ikazidi.

Tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, mto huo una mlango unaofunguliwa na kufungwa na watu. Mkulima wa mpunga wa Kibiti anataka maji baridi yafike hadi shambani kila yanapojaa. Mvuvi wa kambamiti anataka mafuriko yaje kwa msimu wake, yasipungue na yasichelewe. Mpiga mbizi wa Chole angependa yasimfikie kabisa. Aprili 2024 mvua zilipozidi, mashamba ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa, na mjadala uliofuata ulikuwa juu ya nyumba na mazao, kama inavyostahili. Kipimo cha chumvi kwenye vijito vya delta, mwezi hadi mwezi, hakikutajwa sana, nacho ndicho kitakachoamua nani kati ya hao watatu atabaki na kazi yake.